Mwisho Ambao Papa Séraphin Aliubuni

Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025. Mvua ilinyesha mjini Kitshanga tangu alfajiri, ikakatika karibu saa tano. Kisha ukungu ukashuka kutoka milimani, ukakaa juu ya mabati mpaka mchana.

Siku hiyo Papa Séraphin alikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa jepesi: kumaliza kutazama filamu za zamani dukani kwa Mbusa. La pili alikuwa amelisogeza mbele tangu mwezi uanze. Novemba ni mwezi wa marehemu, na katekista alikuwa akipokea majina ya wafu wa kila familia ili yasomwe katika misa ya Jumapili. Daftari lilikuwa lifungwe Alhamisi. Papa Séraphin alitaka jina la mwanawe Esdras liwemo. Mkewe, Claudette, alikuwa amekataa.

"Ukiandika jina yake pale," alimwambia, "weye njo umemuua."

Esdras alikuwa dereva wa pikipiki. Vita vilipoingia mjini mwanzoni mwa mwaka 2023, aliwafikisha wazazi wake kwenye njia ya Sake pamoja na godoro lao, kisha akarudi kumchukua bibi mmoja jirani ambaye hakuweza kutembea. Hakuonekana tena, yeye wala yule bibi wala pikipiki. Hakuna aliyeona maiti. Hakuna aliyemwona akiwa hai. Wazazi walikaa kambini karibu na Mubambiro, na waliporudi walikuta nyumba imesimama, mlango umeng'olewa. Tangu hapo Claudette alikataa matanga, akakataa misa, na akakataa kuhamia Muheto ambako shemeji yake aliwapa shamba. Esdras akirudi, alisema, atawatafuta hapa.

Papa Séraphin ana miaka hamsini na minane. Wazazi wake walilima maharagwe, naye analima maharagwe, lakini watu hawamjui kwa kulima. Kwa miaka kumi na minane alikuwa sauti ya video ya Mbusa. Mbusa ni mfanyabiashara kutoka Butembo. Mbele, dukani, aliuza misumari na sabuni. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye mabenchi, televisheni moja na jenereta. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, Kihindi na Kichina. Papa Séraphin alisimama kando ya televisheni na kuwaeleza watu yanayosemwa. Hakujua hata moja kati ya lugha hizo. Alitazama nyuso, akasikiliza kama sauti imepanda au imeshuka, na maneno aliyatoa kichwani mwake. Watu walijua. Wakipata filamu hiyohiyo mahali pengine bila yeye, walisema haina utamu.

Baada ya Esdras kupotea, hakusimama tena pale. Mwezi huu Mbusa alinunua pano ya jua ya kutoa umeme, akataka kufungua chumba Jumamosi, akamwomba angalau aje wazitazame pamoja zile za zamani, wachague zipi bado zinafaa.

Jumatatu walitazama ya karate, ile ya mzee mwenye ndevu nyeupe anayefundisha vijana juu ya mlima. Papa Séraphin alikunja mikono tangu mwanzo.

"Huyu muzee anasema sana," alisema. "Zamani nilimupa maneno kama ya mutume. Leo naona pengine alikuwa anaomba chai."

"Bantu walipenda yale maneno."

"Yalikuwa yangu. Yeye mwenyewe iko muvivu. Angalia, ni bale vijana banabeba maji kila siku."

Jumanne walitazama ya vita, ya kamanda mmoja anayeua watu mia peke yake. Enzi zile chumba kizima kilisimama kwa miguu. Papa Séraphin alitazama nusu saa, akaomba Mbusa aisimamishe.

"Kijiji kinaungua. Umeona muntu anabeba godoro?"

"Hapana."

"Umeona mama anaita batoto majina? Umeona mbuzi? Mwenye kutengeneza hii hajakimbia hata siku moja."

"Papa Séraphin, bantu banataka kuona ile bunduki."

"Bunduki bameona."

"Weye umekuwa padri," Mbusa alisema, akaitoa hata hivyo.

Ya Jumatano ilikuwa ile ambayo Kitshanga yote iliita Mama wa Stesheni. Ni ya Kihindi, inachukua zaidi ya saa tatu. Mama anapoteza mtoto wa miaka saba katika msongamano wa stesheni ya treni. Hapa hakuna treni; mara ya kwanza Papa Séraphin alilazimika kueleza kwamba ni malori mengi yaliyofungwa pamoja, na dereva mmoja tu. Yule mama anaketi kwenye benchi la stesheni miaka kumi na moja, akitazama kila anayeshuka. Filamu ilionyeshwa mara nyingi kuliko zote. Claudette aliuza mandazi mlangoni miaka hiyo, na ikifika sehemu ya mwisho alifunika beseni na kuingia kutazama.

Sehemu ya mwisho ndiyo hii. Treni ya jioni inafika. Anashuka kijana mwenye masharubu. Mama anainuka, anamshika uso kwa mikono miwili. Kijana anafungua chupa ya maji, anampa. Hapo Papa Séraphin alikuwa akipaza sauti: "Mama, ni miye. Nimerudi." Na hapohapo Mbusa alizima televisheni, watu wakapiga makofi na kutoka wakifuta macho.

Walikubaliana hivyo wawili hao mwaka 2008. Mji ulikuwa umejaa wakimbizi wa kutoka vijijini. Siku ya kwanza, mwanamke mmoja kwenye benchi la mbele alianza kulia kabla treni haijafika, akiita jina la mtu. Papa Séraphin alikuwa ameshaitazama peke yake na alijua inavyoisha. Alishindwa kuusema mwisho huo. Aliona uongo ule ni jambo dogo, kama kumpa mtu maji.

Jumatano hii kijana mwenye masharubu alipofungua chupa, mkono wa Mbusa ulienda wenyewe kwenye kitufe.

"Acha," Papa Séraphin alisema.

Wakaitazama yote. Mama anakunywa, anamshika tena uso. Kijana anaitoa mikono ya mama polepole, mmoja mmoja, anasema maneno machache, anachukua mzigo wake na kwenda. Hakuwa mwanawe. Mama anarudi kuketi. Stesheni inabaki tupu, na picha inapanda juu mpaka benchi linakuwa dogo kama punje.

Mbusa alikohoa. "Iko na huzuni sana."

"Iko nzuri," Papa Séraphin alisema. "Kati ya zote tumeangalia, hii njo ya kweli. Miye niliiharibu."

"Uliwafurahisha bantu."

"Niliwadanganya mpaka kwangu nyumbani. Jumamosi uionyeshe yote. Bila miye."

Alifika nyumbani saa kumi. Claudette alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, akichambua maharagwe ya mbegu katika ungo. Hakumwangalia.

"Kama unakuja juu ya daftari ya katekista, rudi kwa Mbusa."

"Nimetoka kuangalia Mama wa Stesheni."

Hapo akainua macho. "Yule mama alikaa miaka kumi na moja, Papa Esdras. Miye sijafika hata tatu. Na weye unataka kunifukuza kwenye benchi."

Papa Séraphin aliketi chini, kwenye majani yaliyolowa.

"Yule kijana hakuwa mutoto wake," alisema.

"Kijana gani?"

"Wa masharubu. Alikuwa musafiri tu. Miye njo nilisema ni mutoto. Mbusa alizima ili musione."

Mikono ya Claudette iliendelea na maharagwe. Alitoa lenye tundu, akalitupa. Alitoa lingine.

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Nilikuwa nasimama pale mulangoni, na weye ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Na tulipokuwa kule kambini, nilikuwa nakuambia habari ya yule mama kila usiku. Ulikuwa unanyamaza."

"Ndiyo."

"Ulinyamaza juu ya nini?"

"Ulikuwa unalala kidogo ukiisha kumusema."

Akaweka ungo chini. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, na jirani wa pili alianza kuita kuku wake.

"Yule musafiri alimupa maji ya kweli?" Claudette aliuliza.

"Ya kweli."

"Akakunywa?"

"Akakunywa."

"Halafu?"

"Akarudi kukaa. Filamu ikaisha."

"Kwa hiyo hata wenye kuitengeneza hawakujua mutoto alienda wapi."

"Hawakujua."

Alilia bila sauti, mdomo umefumbwa, mikono juu ya magoti. Papa Séraphin alitaka kumgusa bega, naye akalisogeza. Jua lilipokaribia kuzama, akachukua ungo na kuinuka.

"Umuandike na jina ya babu yake," alisema akiwa mlangoni. "Ba Esdras ni bengi. Lakini miye kwa misa sitakuja. Na weye leo usiniambie tena neno."

Papa Séraphin alikiingiza kigoda ndani.

Asubuhi iliyofuata, Alhamisi, Papa Séraphin alifika kwa katekista saa moja kasorobo, kabla ya wengine. Alitaja jina la mwanawe polepole, lote, pamoja na la babu, na alisimama nyuma ya bega la katekista mpaka likaandikwa sawa. Katekista akasogeza kalamu kwenye mstari wa pili, akauliza tarehe ya kufa. Papa Séraphin akasema hana. Katekista akauliza kama aweke ile siku walipoachana njiani. Papa Séraphin alifikiri, akasema hapana, siku ile alikuwa mzima. Akaomba pale paachwe wazi, akavaa kofia, akaenda kupanda mbegu.