Chuma cha Bafuni kwa Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Majirani hapa Cheyo wakiniona nimetoka getini huuliza msiba uko wapi. Lakini ndani ya uzio wangu nina ujuzi mmoja nisioona haya kuutaja: nachora vyuma. Vibebeo vya rafu, vishikio vya pazia, komeo la banda la kuku; nachora mimi, fundi wa kuchomelea anakata na kukunja. Kibebeo changu cha kwanza kilikuwa imara mno. Rafu ya sahani ilianguka na kipande cha ukuta, kibebeo chenyewe hakikupata hata mkwaruzo.

Aliyenifundisha kuchagua zana za kuchorea, bila mwenyewe kujua, ni baba mkwe, anayeishi nasi. Magoti yake yaligoma. Kila asubuhi mume wangu alikuwa akimsaidia kuoga kabla ya kwenda kazini Kigwa, kisha mzee anabaki na mimi. Na kwetu mkwe hamshiki baba mkwe mkono hata sebuleni, sembuse bafuni. Mchana mmoja wa joto aliingia kuoga peke yake. Nikiwa uani nilimsikia akihangaika kuinuka kwenye stuli.

“Baba, nimwite jirani?”

“Mwite, halafu unitafutie nyumba ya kupanga! Babu zangu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani kwa miguu, mimi nishindwe kujibeba kwenye stuli?”

Aliinuka, lakini nilisikia ndoo ikibiringika. Siku hiyohiyo nikaamua: bomba la chuma ukutani la kushikilia, na vibebeo viwili vya kulibeba, kabla hajaanguka yeye.

Nilianza na programu ya kuchorea ya simu. Jamani, ilipendeza! Kibebeo nilikizungusha kwa kidole, nikakitia na rangi ya fedha. Mume wangu akaniita injinia wa jikoni. Nikaupeleka mchoro kwa fundi na kumweleza shida ya mzee, nikiwa nimejifunga kitenge kipya kabisa.

“Picha safi, dada,” alisema. “Bomba linakaa kimo gani?”

“Sentimita tisini. Nimeona kwenye video.”

“Hiyo video imemwona mzee wako?”

Kumpima mzee nisingeweza, na kumwomba ajipime ni kumtangazia udhaifu wake. Nilirudi nikafukua mkebe wa hesabu wa kidato cha pili. Bikari ilikuwa na kutu, na rula imevunjika, inaanzia sentimita nne. Nikachora vizuri tu, lakini kimo nilikuwa nakisia vilevile.

Kesho yake nilikuwa nasugua bafu nikaona alama ukutani, juu ya chokaa. Doa la kiganja, chini, usawa wa stuli. Jingine juu zaidi na mbele kidogo. Ndipo mzee alipokuwa akiegemea kila alipoinuka! Vipimo vyote vilikuwa pale, na mimi nilikuwa nataka kuvifuta kwa sabuni.

Nikakata boksi la sabuni, nikalibandika ukutani, nikapiga mstari kwa chaki kutoka doa hadi doa. Ulipanda kimshazari. Simu ilikuwa imeulaza kama meza. Vibebeo navyo nikavikata kwa boksi, ukubwa uleule wa kweli. Nilipompelekea, fundi hakuuliza swali hata moja. Alilaza chuma juu ya boksi, akakunja. Tangu hapo simu naitumia kuwaonyesha watu, boksi ndilo la kufanyia kazi. Anayebisha aje na ukuta wake.

Bomba lilipofungwa, nilikaa uani nikichambua maharage ambayo nilishayachambua jana yake. Maji yalimwagika, yakakoma. Ndoo haikubiringika. Mzee akatoka, shati limefungwa vifungo vyote.

“Mama,” aliniita, “kile chuma chako kimekaa upande.”

“Nimekiweka hivyo makusudi, baba.”

Akatembea hadi kwenye kiti chake, akaketi taratibu.

“Basi na cha chooni ukiweke upande hivyohivyo. Na usichelewe.”