Nani Atamwitikia Ragnhild

Ukungu ulikuwa haujaondoka baharini Ragnhild alipofungua hema, na kwa kitambo hakujua kama ameamka au bado anaota. Mahema yalielea, moshi wa lami ya boti ulielea, hata mbwa wa mhunzi alipita kama asiyekanyaga chini. Asubuhi za Julai za namna hii alizipenda kuliko Krismasi. Ya leo ilimtia hofu.

Kabla wageni hawajaingia, watu wa tamasha la ufukweni, wanaoigiza Waviking, mabaharia wa kale wa kaskazini, huitana. Pembe hupulizwa, kila mmoja husimama mbele ya hema lake na kutaja jina lake na la mzazi wake, na mtu wa ukoo wake humwitikia, "Ni wetu." Tangu utotoni aliyemwitikia Ragnhild ni Gudrun, mama aliyemchukua akiwa mchanga kutoka Korea, akamlea na kumfundisha kusuka soksi za sufu kwa sindano ya mfupa. Gudrun alikuwa na sauti ya kufukuza shakwe. Alizikwa Februari.

Palle, mwenyekiti wa chama, alikuja na kipande cha mkate mkononi na ndevu zimesukwa vizuri kuliko nywele za bibi harusi. Ni mtu mwema, ila mdomo wake hutangulia akili.

"Dada Ragnhild, usinifikirie vibaya," alisema akitafuna. "Mwaka huu jiite mke wa mfanyabiashara wa hariri, umetoka mashariki huko. Wageni watapenda. Tena hawatakusumbua na yale maswali yao."

"Maswali gani?"

"Si unayajua. Kwenu hasa ni wapi."

"Kwetu nyuma ya kiwanda cha maziwa, Palle. Umekula keki pale tangu unavaa kaptula."

Palle akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Sasa nani atakuitikia?" aliuliza taratibu. "Mimi nakuonea huruma tu."

Hapo ndipo palipomuuma, kwa kuwa alisema kweli.

Pembe ikalia. Majina yakapita ndani ya ukungu pamoja na majibu yake, kana kwamba ufuko unaongea usingizini. Ragnhild alimwaza yule mama mwingine, aliyemzaa, asiyemjua sura, labda naye anaamka mahali penye bahari. Hakumchukia. Lakini jina lake hakuwa nalo, na la Gudrun alikuwa nalo.

"Ragnhild binti Gudrun!"

Watu walitazama viatu vyao. Haikuwa roho mbaya. Desturi inataka mtu wa ukoo, na katika ukoo wa Gudrun aliyebaki ni yeye tu. Ragnhild alingoja muda ule ule aliokuwa akiuchukua mama yake kuweka sindano chini na kusafisha koo.

Kisha akaitikia mwenyewe, kwa sauti ya kawaida.

"Na Gudrun ni wangu."

Akakaa, akavuta sufu. Palle alivua kofia yake ya ngozi, akasimama hivyo kidogo, ndipo akageukia hema linalofuata.