Kitako cha Kuku cha Ramose

Faravavy alikuwa mpishi wa shughuli, na kwa kuweka kinyongo hakuwa na mpinzani. Kijijini Ambohidrazana, kwenye vilima vya juu ya mji wa Betafo, hakukuwa na harusi wala sherehe ya kuwavisha wafu sanda mpya iliyopita bila yeye kushika mwiko. Mkono wake ulikuwa mtamu, ulimi wake shubiri. Watu waliuvumilia ulimi kwa ajili ya mkono.

Mwaka ule Zafy, mwenyekiti wa wazazi wa shule, aliita mkutano. Ramose Ratsimba, mwalimu wao wa zamani, alikuwa amezeeka, na ingekuwa aibu afe bila kushukuriwa. Apewe nini mwalimu? Mmoja akasema redio.

"Redio ya nini, naye hasikii?"

"Basi shuka ya hariri."

"Hariri tunazikia watu! Unamwita kaburini?"

Wakacheka. Faravavy akasimama nyuma kabisa. "Mwalimu anashukuriwa kwa chakula. Nitapika mimi, na sahani yake nitampakulia kwa mkono wangu."

"Dada Fara," Zafy akasema, "leo umekuwa malaika?"

"Hata mtoa roho ni malaika."

Wakacheka tena, wakampigia makofi. Yeye hakucheka.

Alipokuwa na miaka minane, sikukuu ya mwaka mpya, kila mtoto alimpelekea Ramose zawadi. Zafy, ambaye baba yake alikuwa na mashamba, alipeleka bata bukini mzima. Kwao Faravavy palikuwa na kuku mmoja tu, naye alichinjwa siku hiyo. Sasa, kitako cha kuku huko si kipande cha mchezo. Hupewa mkubwa wa nyumba, kama firigisi kwa watu wengine. Miguu na mapaja ni ya watoto. Babu yake alikitazama kitako chake sahanini, asikionje. Akakifunga katika jani la mgomba. "Mpelekee anayekufumbua macho," akasema. Yeye akala wali na mchuzi mtupu.

Ramose alifungua lile jani mbele ya darasa zima, akakishika kitako kwa ncha za vidole. "Kwenu hamna kuku, kuna matako tu?" Darasa likaangua kicheko, Zafy akiwa mbele. Kisha Ramose akakirusha mlangoni, mbwa wake akakidaka akatoka nacho uani.

Aliyemkimbilia mbwa alikuwa Madama Bodo, msichana aliyekuwa akifundisha watoto wadogo. Alimnyang'anya, akakipangusa kwa pindo la shuka yake, akaja kuchuchumaa mbele ya Faravavy na kukila chote, taratibu, mpaka mfupa. "Kamwambie babu yako nimeheshimika," akasema. Mwaka haukuisha, Ramose akamfukuzisha kazi. Tangu hapo Bodo aliuza vitumbua kando ya barabara, na katika mkutano wote wa shukrani hakuna aliyelitaja jina lake.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Faravavy alikuwa amepika shughuli zote za maisha yake akiisubiri hii moja.

Siku ikafika. Ramose aliketishwa kwenye mkeka mpya, upande wa wakubwa. Zafy alitoa hotuba, akaanza kwa kuomba radhi kwa kusimama mbele ya waliomzidi umri, kama ilivyo desturi, halafu akasahau kumaliza. Bodo alikuwa kule kwa wanawake wanaoosha vyombo. Faravavy akapita katikati ya watu na sahani mbili, akaweka moja mbele ya Ramose.

Juu ya wali palikuwa na paja.

Watu wakanyoosha shingo. Paja, sehemu ya mtoto, kwa mzee kama yule! Ramose aliligeuza kwa kijiko, akatafuta chini ya wali.

"Mpishi," akasema, "kitako changu kiko wapi?"

Hapo ndipo roho ya Faravavy iliposuuzika. Neno hilo alikuwa amelilea miaka na miaka, na sasa alilitoa polepole ili wote walisikie.

"Chako ulimpa mbwa, Ramose."

Zafy akaruka. "Fara, una wazimu? Mpe mzee haki yake!"

Lakini Faravavy alikuwa akimkazia macho mzee, akingoja uso uanguke. Haukuanguka. Ramose alikunja paji la uso kama mtu anayetafuta miwani.

"Mbwa gani?" akauliza.

Alikuwa amesahau. Hakuwa akijifanya, amesahau kweli, mbwa, jani, mtoto, vyote. Faravavy alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa aibu, hata kwa matusi, lakini si kwa hili. Maisha yake yote amebeba mzigo ambao mzee mwenyewe wala hajui kama aliuacha mahali. Hasira iliyombakia haikuwa na mtu wa kuipokea.

Sahani ya pili, yenye kitako, ilikuwa bado mkononi. Hilo nalo alikuwa amelipanga, liwe mwiba wa mwisho wa kumchoma mzee. Sasa hakujua tena ni la nini. Miguu ikampeleka hivyohivyo mpaka kwenye beseni la vyombo. Akapiga magoti, akaitoa sahani kwa mikono miwili.

"Madama, sehemu yako."

Bodo alijifuta povu mikononi. Alikuwa na meno machache, akatafuna muda mrefu, watu wote wakimtazama, Ramose naye akiwa na paja lake. Alipomeza, akamwinamia Faravavy na kusema taratibu:

"Cha leo hakina mchanga."

Faravavy hakuwahi kujua kwamba kile cha kwanza kilikuwa nao. Akaegemea bega la yule bibi, akalia kama mtoto wa miaka minane, na hakumwona Ramose alipoondoka.