Mashine Ilipouliza Kama Tuendelee

Wiki mbili zilizopita, katika chumba ninachopanga hapa Area 47, Lilongwe, nilikuwa nahangaika kuweka programu mpya ndani ya kompyuta yangu ya zamani. Ilikataa. Ilifika karibu na mwisho, ikasimama, ikarudi mwanzo. Nilifanya yale tunayofanya sote: nikaizima, nikaiwasha, nikachomoa waya na kuuchomeka tena, nikaitukana kidogo kwa Kifaransa. Mara ya nne ikaleta kisanduku cheupe katikati ya kioo. Kilisema kwamba vitu vilivyomo vitafutwa, kisha kikauliza: tuendelee? Chini yake kulikuwa na ndiyo na hapana.

Mpwa wangu alinyoosha shingo kutoka kitandani. "Tanti, finya tu ndiyo. Zote ziko hivyo."

Sikufinya. Nilirudisha mkono kama mtu aliyegusa kitu cha baridi ndani ya kuni. Wewe, rafiki yangu, unanijua, umenisikia kwenye simu nikiwa Nathenje, kisha Tete, kisha Lusaka, na kila mara ukaniuliza kwa nini situlii. Nadhani jibu liko ndani ya kisanduku kama kile, mitaa miwili tu kutoka hapa, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu.

Tuliishi nyumba ya uani, vyumba viwili, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja wa Kimalawi tuliyemwita agogo, kama wajukuu zake walivyomwita. Asubuhi aliamka na kinu chake, na mama yangu akamjibu kwa kinu chetu, yeye mahindi, sisi sombe, majani ya muhogo. Agogo alikuwa akicheka kwamba Wakongo tunatwanga majani hadi yanasahau jina lao. Lakini sahani ya sombe na ndagala, dagaa wetu, ikipelekwa kwake ilirudi tupu, imeoshwa, na juu yake kipande cha nsima, ugali wao, cha mtoto, yaani mimi.

Baba alikuwa katibu wa shule kule Bukavu, mtu wa taipureta na suruali iliyonyooshwa. Lilongwe alipata kazi kwenye duka la karatasi karibu na soko la Tsoka, na siku mwenye duka aliponunua kompyuta mpya, ile ya zamani akampa baba. Sisi tuliiita ordinateri. Ilikuwa na rangi ya meno ya mzee, na ilipowaka ilikoroma kwanza, halafu ikatulia. Mama aliifunika kitambaa cha uzi chenye maua, kama alivyofunika redio yetu Bukavu, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa bila kunawa.

Kazi yake ilikuwa kutunza hadithi za watu. Kila Jumamosi walikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, watu wa kanisa letu, wenyeji wa Uvira, Fizi na Bukavu. Aliyetaka kuombewa nafasi ya kwenda nchi ya mbali alitakiwa kueleza kilichomkimbiza. Baba aliandika, akachapa nakala moja dukani, nayo ikapelekwa ofisi ya wakimbizi. Nyingine ilibaki ndani ya mashine, kwa sababu ambayo kila mtu aliijua. Siku moja jina lako lingebandikwa kwenye ubao, ungeitwa chumbani, ungeulizwa upya. Na maneno ya pili yalipaswa kufanana na ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuitwa, watu walirudi kwetu, wakakaa kwenye benchi, baba akawasomea maisha yao wenyewe, taratibu, nao wakaitikia kwa kichwa.

Mmoja wao alikuwa mama fundi, mshonaji kutoka Fizi. Yeye ndiye aliyenishonea sare ya shule, akaacha pindo kubwa chini ili nikue nayo. Alikuwa mtu wa utani. Alimwita baba "papa karani" na kumwuliza kama ordinateri ilikuwa imekula leo. Siku aliyoeleza hadithi yake hakutania. Aliketi akiangalia ukuta, nami nyuma ya pazia nikasikia kila kitu: kijiji, mlima, mto, watoto watatu, kisha mmoja. Huyo mmoja, binti, alichukuliwa na familia ya mjomba wake na tayari alikuwa Kanada. Mama fundi alitaka jambo moja tu duniani, kumfuata.

Alipomaliza alijipangusa uso kwa kitambaa cha kichwa. "Papa karani, iko yote ndani?"

"Iko yote."

"Basi mi nitapumuzika. Sitaishika tena. Hiyo sanduku ishike."

Na kweli aliiacha. Tangu siku hiyo alirudi kuimba kanisani, akanenepa kidogo.

Miezi ikapita, jina lake likabandikwa. Alitakiwa kuingia chumbani baada ya wiki tatu, na alituma salamu kwamba atakuja Jumamosi ya mwisho kabla ya siku hiyo asomewe. Wakati huo huo ordinateri ilianza kuganda. Baba anaandika, ghafla herufi hazitokei, kioo kimesimama kama mtu aliyesikia habari mbaya. Mwenye duka alisema mfumo wake umechoka, uwekwe mpya, mgonjwa atapona. Akamwazima baba disketi kumi na tatu ndani ya kopo la biskuti. Baba alifurahi. Alisema mama fundi akija atakuta mashine nzima.

Ya kwanza hadi ya nane zilikwenda vizuri. Ya tisa mashine ikatafuna, ikatafuna, ikaandika kwamba haiwezi kuisoma. Mimi ndiye niliyesoma maneno hayo, kwa kuwa nyumbani ni mimi pekee niliyejua Kiingereza, cha shule ya Area 47. Baba aliitoa, akaipuliza, akaifuta kwa fulana, akaigonga kwenye kiganja. Kosa lile lile. Mama alisema tuombe. Tuliomba. Kosa lile lile.

Dukani kulikuwa na seti nyingine, ila haikuruhusiwa kutoka. Baba angeweza tu kunakili ile ya tisa juu ya disketi yake. Na disketi zake zilikuwa tatu, zile alizohifadhia hadithi, endapo mashine ingekufa.

"Utafuta hadithi za bantu?" mama aliuliza.

"Ziko ndani ya ordinateri. Haziendi popote."

Akafuta ya kwanza. Alirudi na ya tisa mpya, ikasomeka, kisha ya kumi ikagoma. Akafuta ya pili. Ya kumi na mbili ikagoma. Nakumbuka mama akiwa amesimama mlangoni na mwiko, akimwangalia baba akiweka ya tatu mfukoni mwa shati. Sufuria iliungua nyuma yake, naye hakugeuka.

Alhamisi mchana zote kumi na tatu zilikuwa nzima. Baba aliketi, mimi kando yake juu ya ndoo iliyogeuzwa. Tuliwasha. Na safari hii, kwa kuwa tulianza upya kabisa, mashine ikauliza kwanza.

Sentensi zilikuwa mbili. Ya pili niliielewa yote: unataka kuendelea? Ya kwanza niliielewa nusu, na ile nusu haikunipendeza. Kulikuwa na neno la "vyote" na neno la "kupotea".

"Inasema nini?"

Ungenijua wakati ule ungenielewa. Baba alinisifu kwa agogo kwamba mimi ndiye mdomo wa nyumba. Na yeye mwenyewe alikuwa ametufundisha, tangu mpakani, namna ya kusimama mbele ya meza ya ofisi: "Biro ikikuuliza, unajibu ndiyo, mbio. Ukisita, banafikiri unaficha kitu." Tulikuwa tumevuka nchi tatu kwa ndiyo. Ndiyo, tuko watano. Ndiyo, tumechanjwa. Ndiyo, tunaelewa. Hakuna siku hata moja hapana ilitufungulia mlango.

"Inauliza kama tuendelee," nilisema.

"Njo hiyo tu? Hakuna ingine?"

"Njo hiyo tu, papa."

"Basi jibu."

Kidole changu ndicho kilichofinya.

Ilichukua mchana mzima, na kila disketi ilisomeka. Kioo kikawa kizuri, rangi ya maji safi. Baba akapiga makofi. Kisha akaanza kutafuta hadithi. Alifungua hapa, akafungua pale. Nilimwona akiweka kiganja juu ya mashine, kama unavyoshika paji la mtoto mwenye homa, akakiacha hapo.

Mama fundi alikuja Jumamosi, na kitambaa cha maandazi kwa ajili yetu. Baba alimweleza akiwa amesimama. Mashine ilikufa, alisema, ikafufuka bila kumbukumbu. Mama fundi alicheka kwanza. "Ilikufa na mi ndani?" Halafu akaona hatucheki, akakaa.

Walijaribu pamoja. Baba alikumbuka maneno mengi lakini si mpangilio wake. Mto ulikuwa kabla ya mlima, au baada? Mtoto wa pili alikuwa bado hai kwenye mlima? Mama fundi alijaribu kujibu, akachanganya, akajaribu tena.

"Papa karani," alisema mwishoni, "mi niliiweka pale ili isikae kwangu. Sasa unaniuliza mi?"

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Niliwahi kuisikia yote. Ningetoka ningesema, mlima ulikuwa wa kwanza, au mto. Lakini kutoka kungekuwa mwanzo wa kueleza mengine, nikabaki, nikala andazi lake.

Jumatano aliingia chumbani. Baada ya miezi jibu lilikuja: hadithi zake mbili hazifanani. Hakwenda Kanada. Baba alikufa akiamini kwamba mashine ilifanya hayo yenyewe.

Basi baada ya kile kisanduku cheupe sikulala vizuri. Jumamosi nilikwenda Dzaleka, nikachukua kabaza, baiskeli ya kubeba watu, kutoka barabarani, nikiwa nimejiandaa kumwambia mama fundi. Vibanda vya wakati ule vimekuwa nyumba za matofali, kuna muziki, kuna vijana wanaouza simu. Nilimkuta nje ya mlango wake, mdogo kama mtoto, cherehani haipo. Anayemtunza aliniambia kwamba siku nyingine anawajua watu, nyingine hapana. Binti humpigia simu kutoka kule, naye humwuliza ni nani.

Mimi alinijua. Alishika pindo la sketi yangu, akalipima kwa vidole.

"Mutoto ya papa karani. We ulirefuka."

"Shikamoo, mama fundi. Nimekuja kukuambia kitu."

Hakunisikia, au hakutaka. Alikuwa akiniangalia kwa hofu ambayo sikuwahi kuiona kwake hata siku ile ya ukuta.

"Ile hadithi yangu," alisema. "Siku hizi naitafuta, siioni. Iko bado ndani ya sanduku?"

Nilisita, rafiki yangu. Aliona nikisita.

"Ndiyo," nilisema. "Iko yote."

Akaachia pindo, akaegemea ukuta, akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nimerudi Area 47. Nyumba ya uani ilibomolewa, agogo hayupo, na mahali pa kinu chake pameegeshwa gari la mtu. Kompyuta yangu iko mezani, swali bado limesimama pale, sijajibu. Nilichukua daftari niandike alichokisema mama fundi siku ile, kwa kuwa sasa hakuna mwingine anayekijua. Nimeandika kijiji. Nimeandika watoto watatu. Hapo kalamu imesimama siku ya nne leo, maana nami sijui tena kilichotangulia, mlima au mto.