Picha ya Ua
Mama muuza chai wa mtaa wa Kator hupangusa simu kwa kitenge kabla ya kutazama wanaomwomba urafiki Facebook. Hajui kusoma, huangalia sura. Vita vilipoanza, yeye na binti yake Keji wakapoteana, na kila asiyeonyesha sura alimfuta palepale: "Huyu iko jasusi." Kisha jirani akarudi kutoka kambi ya wakimbizi Uganda. "Keji wako alikuomba urafiki, ukamkataa. Aliogopa kuonyesha uso, akaweka picha ya ua la waridi. Sasa simu yake imeibwa, na kambini hayupo tena." Birika likachemka hadi likakauka, mama akikitazama tu kidole gumba chake kilichomfuta. Siku hizi hukubali kila ua, kisha hutuma ujumbe wa sauti: "Keji, ni mama." Wengine hujibu, "Mimi si Keji, mama." Hata hao, mama hawafuti.