Kitana Chini ya Lenzi

Daktari Mkenya anayetafiti vidole vinavyogeuka vyeupe kwa baridi hukusalimia kwa mkono, kisha haachii. Hupapasa kidole kimoja kimoja akiulizia watoto, kwa sauti ya mtu anayebembeleza usingizi. Mkono wake wa pili hushika kikombe cha chai, ila sijawahi kumwona akinywa. Mimi ni msusi hapa Mayfair, kusini mwa Afrika; kila Julai, baridi ya huku ikikaza, vidole vyangu hufa ganzi katikati ya msuko. Hunidondoshea tone la mafuta kwenye shina la ukucha, akainamia hadubini. "Vishipa vya damu vimejipanga kama meno ya kitana," husema taratibu. "Ni baridi tu, dada. Kukiwa na mapengo, ugonjwa uko ndani ya mwili."

Juzi, jua jembamba likielea dirishani, alikiweka kikombe chini na kuingiza kidole chake mwenyewe chini ya lenzi. Kilikuwa cheupe kama chaki.

"Nisomee wewe. Mimi nitajidanganya."

Nikachungulia ule wekundu laini, nikakawia humo kama ndotoni.

"Eish, dokta. Kitana kimeng'oka meno."

"Mangapi?"

"Manne."

Akajiandika kwenye daftari la wagonjwa, mstari mpya, namba arobaini na moja. Kisha akanipa mkono wa kwaheri, na safari hii ni mimi niliyekataa kuachia.