Samaki wa Tano wa Bibi Turkiya

Bibi Turkiya hawezi kukaa kitako. Alizaliwa Wete, akaja Ibra, Oman, akiwa msichana, akafanya kazi ya simu serikalini miaka ishirini na sita. Tangu astaafu anazunguka nyumba kama aliyesahau kitu. Mwanawe Laith akamletea tangi la kioo na samaki watano wa kijani, ati wamtulize. Laith alisema hawakupakwa rangi: wataalamu waliwatia chembe ya urithi ya konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewaka, tangu kwenye yai, na watoto wao huzaliwa vivyo hivyo. Chini ya taa ya buluu wanawaka.

Hawakumtuliza. Kutwa anawahesabu.

Maji ya tangi hayamwagi chooni, anaona dhambi kupoteza maji. Huyamwaga kwenye mfereji wa falaji, maji ya mji yanayogawanywa kwa zamu, unaopita bustanini kwetu kwenda mitendeni kwa watu. Alhamisi asubuhi kamwaga, karudi, kahesabu wanne.

"Ya Allah! Wa tano yuko wapi?"

Akatoka na chujio la chai, bila viatu. Nikamfuata, mimi mjukuu wake. Chini kidogo tukamkuta Khalaf, msimamizi wa falaji.

"Shikamoo Bibi. Umepoteza nini?"

"Marahaba. Pete. Ya dhahabu."

Aliona haya kusema samaki. Khalaf hakungoja, akaziba mfereji kwa jiwe na matambara. Maji yakashuka, majirani wakainama kutafuta. Bibi anakwenda, anarudi, anachungulia kila kidimbwi. Mara Bi Ghaniya akaja mbio kutoka shambani kwake.

"Nani kanikatia maji? Hii zamu yangu! Mitende yangu ife kwa pete ya nani?"

Bibi akashusha chujio.

"Si pete. Nimesema uwongo. Samaki."

"Samaki?" Khalaf akacheka. "Wa kukaanga?"

"Nitakukaanga wewe! Yule samaki wa kutengenezwa, si wa kuachiwa kwenye maji ya watu. Ukifungua sasa atachukuliwa, hatumpati tena. Ghaniya, nisamehe mwenzangu. Chukua zamu yangu ya Jumamosi."

Bi Ghaniya akamtazama miguu, tope tupu.

"Yote?"

"Yote."

"Haya, tafuta. Lakini fanya upesi, wallahi!"

Bibi alimpata chini ya ukuta wa mfereji, katikati ya vijisamaki vya kijivu, kijani kama kalamu ya rangi. Mzima.

Jumamosi maji ya zamu yetu yakapita mlangoni kwetu kwenda kwa Bi Ghaniya. Bibi akasimama chini ya mitende yetu, akashika udongo mkavu, akaingia ndani kutazama tangi, akatoka, akaingia tena.